Sauti ya Baba Haipandi Ndege

Jumatatu, 3 Machi

Dada amepiga simu asubuhi kutoka ughaibuni. Zumari imekufa. Nimekaa kitako.

Naeleza vizuri, maana siku moja wajukuu watalisoma daftari hili na watataka kujua. Zumari ni kifaa cha Baba cha kusemea. Tangu afanyiwe upasuaji wa koo hana sauti yake ya kuzaliwa. Anabandika kifaa shingoni, anabonyeza, kinavuma, yeye anatembeza midomo na maneno yanatoka. Yana mlio wa mashine, lakini ni yake, ukali wote umo. Alipohamia kwa Dada aliondoka na mpya. Ile ya zamani ikabaki kabatini kwangu pamoja na betri ya akiba. Sasa betri ya ile mpya imevimba, haipokei chaji, na maduka ya huko hayana ya aina hiyo. Baba anaongea kwa kugonga meza. Akigonga mara moja ni ndiyo, mara mbili hapana, akigonga kwa ngumi ujue umetukanwa.

Na harusi ya mpwa wangu ni tarehe 22! Bibi harusi ameshasema: neno la siku hiyo atatoa Babu, hataki mwingine. Babu ndiye aliyemlea wakati wazazi wake wanapishana mlangoni kwa zamu za kazi. Dada anasema binti haombi kingine. Hata gauni hajalijali kama anavyolijali hilo neno.

Shemeji akadakia simu. Eti ameagiza Zumari nyingine kiwandani, itafika mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi si watu watakuwa wanaangalia picha? Nikamwambia atulie, mimi ndiye mtoto wa kwanza, jambo hili aniachie. Nilimsikia akivuta pumzi ndefu.

Mama Watoto ameshauri tutume Zumari ya zamani nzima nzima, na betri yake ndani. Nimemcheka kwa upole. Mke wangu ni mtu mzuri lakini hana jicho la biashara. Mimi ni dalali wa vyumba. Mtu akikosa ufunguo humpelekei nyumba nzima, unampelekea ufunguo. Kinachohitajika ni betri tu, na betri inaingia kwenye bahasha.

Nimeifungua Zumari kwa kisu cha jikoni. Betri yake ilikuwa imelehemiwa, nikaing'oa. Nimepata betri mbili za lithiamu, ile ya ndani na ile ya akiba, nono kama vidole gumba. Mabaki ya Zumari nimeyamwaga kwenye kopo la biskuti. Kazi safi. Nimelala mchana kidogo kujipongeza.

Jumanne, 4 Machi

Posta. Foleni ya kufa mtu. Dirisha la vifurushi lina karani mmoja, mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani, kalamu sikioni. Watu wanamwita Bi Mizani. Nimeelewa sababu baada ya kumtazama. Anapokea kifurushi, anakipima mkononi, anataja uzito, ndipo anakiweka kwenye mizani, na mizani inamkubalia. Sijawahi kuona. Wenye maduka mtaani kwetu mizani zao huwa zinawabishia mchana kutwa.

Alinyanyua bahasha yangu, akaitikisa sikioni, akauliza ndani mna nini. Nikasema kumbukumbu za familia. Akasema kumbukumbu huwa hazigongani. Waliokuwa nyuma yangu walicheka, mmoja kwa sauti kubwa kuliko ilivyostahili.

Ikabidi nitoe betri. Bi Mizani hakunikemea. Alinieleza kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kwenda sokoni: betri ya lithiamu ikiwa peke yake haipokelewi posta kwa ndege, hata iwe ndogo kiasi gani. Ikigusana na chuma inapata moto, na moto wake huko juu hauna zimamoto wa kumpigia simu. Ikiwa ndani ya kifaa, kifaa kimezimwa na kufungwa vizuri, hiyo anapokea.

Nikaanza udalali. Nikamwambia tukutane katikati, apokee moja, nyingine nibaki nayo. Akanitazama. Nimewahi kuwapunguzisha bei wenye nyumba wagumu, wenye roho za mawe, lakini huyu mama hana mahali pa kushika. Habembelezeki wala hakasiriki. Alisema tu, anayefuata.

Nimerudi nyumbani mikono mitupu. Lakini nimeondoka na neno moja la maana. Kasema ndani ya kifaa. Hakusema kifaa gani!

Alhamisi, 6 Machi

Jana nilishinda na saa ya ukutani. Ni kubwa, ya plastiki, ilitoka ukumbini kwetu. Nimeifungua mgongo, nikazibandika betri zote mbili kwa selotepu nyuma ya akrabu, nikafunga. Saa ni kifaa. Betri zimo ndani. Mama Watoto kauliza kwa nini Baba atumiwe saa iliyosimama. Nikamwambia asubiri aone.

Leo Bi Mizani amenisalimia kwa adabu zote, akaipokea saa, akaipitisha kwenye mashine ya eksirei. Kisha akaniita upande wake wa kaunta, jambo ambalo sikulitegemea, akanionyesha kioo.

Lazima niwe mkweli: picha ilikuwa nzuri ajabu. Saa yangu ilionekana hadi jino la mwisho la gurudumu dogo. Na katikati, betri zangu mbili, nyeusi tii, zimelala kwa selotepu kama wapangaji wasiolipa. Aliniuliza kwa upole hiyo saa inaonyesha majira ya nchi gani. Nikajikuna kichwa.

Akarudia somo. Betri lazima iwe inaendesha kifaa hichohicho ilimo. Si kuibandika tu humo kama abiria aliyedandia. Akaniambia kwamba miaka yote aliyokaa kwenye kioo hicho ameshaona betri ndani ya mwanasesere, ndani ya kiatu, ndani ya sabuni iliyochongwa, na moja ndani ya kitabu cha dua. Alizitaja taratibu, na mimi nilikuwa nachukua mawazo, lakini alipofika mwisho nikagundua ananitajia zile alizozikamata. Zote.

Nimetoka pale nimenywea, na bado namheshimu. Ningekuwa na mtu kama yule wa kukagua wapangaji nisingekuwa na kesi hata moja.

Dada kapiga tena. Baba amegonga meza kwa ngumi siku nzima. Binti anajifungia chumbani. Shemeji kaniuliza, kwa sauti ya mtu anayejizuia, kama bado naendelea kusaidia.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbaya. Naandika nimekaa upande.

Mpango ulikuwa mzuri, sitaki mtu aniambie vinginevyo. Kuna tawi lingine la posta upande wa pili wa mji. Huko hawanijui. Nilibeba boksi lenye ndara za Baba na hakuna kingine. Boksi lipite kwenye mashine, lionekane safi. Kabla halijafungwa nijipige kichwani kama mtu aliyesahau, niombe niongeze barua ya salamu. Betri zimo ndani ya barua.

Nikiwa kwenye foleni barua ikachanika. Betri moja nikaitia mfuko wa kushoto wenye leso. Ya pili mfuko wa kulia.

Mfuko wa kulia ndiko ninakoweka funguo. Funguo zote. Za vyumba vyote ninavyovidalalia, vya juu, vya chini, hadi vya kule kwenye choo cha pamoja.

Nilianza kuhisi joto pajani. Nikadhani ni aibu inanitangulia. Joto likazidi. Nikaanza kuruka mguu mmoja. Mama aliyekuwa mbele yangu akasogea akashika mkoba wake. Moshi ukatoka mfukoni. Hapo nikasikia sauti ninayoijua ikisema nisiingize mkono, nivue suruali.

Bi Mizani. Amehamishiwa huko kwa siku moja kumshikia mwenzake aliye likizo. Katika mji mzima, kwenye matawi yote, siku zote!

Nilivua. Mbele ya foleni nzima. Yeye tayari ameshatoka nyuma ya kaunta na ndoo ya mchanga, akainyanyua suruali kwa fimbo ya pazia, akaizika. Hakupiga kelele, hakukimbia. Aliwaambia watu warudi nyuma, wakarudi. Akamwomba mlinzi koti lake, akanifunga nalo kiunoni huku uso ameugeuzia ukutani. Nimeshawaona wanaume wakipoteza akili kwa sufuria lililoungua. Huyu alifanya yote hayo na kalamu bado iko sikioni.

Kisha akaniketisha. Nilidhani ataita polisi. Akasema moto wa mfukoni mwangu umeonwa na watu ishirini na umezimwa. Ungewaka kwenye tumbo la ndege, katikati ya magunia ya barua za watu, nani angeuona? Nilifikiria marubani. Nilifikiria abiria wamelala na viatu wamevua. Nilijisikia vibaya, vibaya kweli, si kwa sababu ya paja.

Ndipo nikamwambia yote. Baba, Zumari, harusi, kugonga meza. Sijui kwa nini sikuanza na hilo siku ya kwanza. Dalali huwa hasemi anachotaka, ndivyo nilivyozoea. Alinisikiliza, akavaa miwani, akauliza hicho kifaa chenyewe kiko wapi. Kama kipo, akasema, rudisha betri mahali pake, kizime, lete. Jambo la siku moja.

Nikalikaza koti la mlinzi kiunoni. Akauliza tena.

Nikasema kiko kwenye kopo la biskuti.

Hakucheka. Alifumba macho kidogo tu, kama mtu anayeomba subira.

Jumapili, 9 Machi

Betri ya kulia imekufa. Ya mfuko wa kushoto nzima. Jana na leo nimejaribu kuirudisha Zumari mwenyewe. Vipande ni vingi kuliko vilivyotoka, sijui inawezekanaje. Niliyoiunda mara ya kwanza ilibaki na skrubu nne za ziada. Mara ya pili ikabaki na moja, nikashangilia, kumbe nyingine nilizikalia.

Jioni simu ya video. Baba alikaa mbele, amenyoa, amevaa shati zuri. Amekonda kidogo. Nilimwonyesha vipande mezani nikamwambia kazi inaendelea vizuri. Alivitazama muda mrefu. Halafu akachukua kalamu akaandika kwenye karatasi kubwa, akaiinua. Aliandika: MWANANGU, ACHA. NITAKAA KIMYA. HARUSI ITAPITA.

Ningefurahi zaidi kama angegonga meza kwa ngumi.

Baba yangu alikuwa mwita mnada. Sauti yake ilikuwa inafika mtaa wa tatu. Walipompasua koo wote tulilia, yeye akaichukua Zumari, akajifunza upya kama mtoto wa darasa la kwanza, na baada ya muda si mrefu alikuwa anatugombeza kama zamani. Hakuwahi kusema atakaa kimya. Hata siku moja. Na aliyemfikisha hapo ni mimi, kwa kisu cha jikoni.

Nilimwambia mtandao unakatika. Nikaenda kulia jikoni. Mama Watoto kaja, hakusema nilikwambia. Kwa huyu mwanamke nilipata bahati kuliko akili.

Jumanne, 11 Machi

Nimeenda kwa Fundi Waya.

Naliandika hili kwa uchungu. Fundi Waya anatengeneza simu na redio pale kona. Hatuongei. Kibanda chake nilimtafutia mimi, na nilimwambia hakivuji. Mvua ya kwanza alikaa humo na mwavuli. Tangu hapo nikipita huwa anapandisha redio.

Leo alipandisha redio. Nikasimama. Nikaweka kopo la biskuti mbele yake, nikafungua kifuniko. Akapunguza redio. Akatazama ndani ya kopo jinsi daktari anavyotazama majeruhi wa ajali. Akauliza ni nani aliyefanya unyama huu. Nikamwambia ni mimi. Akauliza kwa nini. Nikamweleza kwamba nilitaka kurahisisha.

Alicheka mpaka akashika ukuta. Nilimwacha acheke, ni haki yake. Alipomaliza nikamwambia ni sauti ya baba yangu. Alikaa sawa, akafuta mikono, akawasha taa ya mezani. Hakusema neno la mvua.

Nimemwangalia akifanya kazi na nimeona aibu kwamba kwa muda wote huu nilikuwa naringa mbele ya mtu kama huyu. Vidole vyake ni vinene, vya mtu wa kubeba mizigo, lakini vinashika waya mwembamba bila kuutetemesha. Kila kipande alikiuliza kilipotoka kwa kukigeuza tu. Kimoja alikiweka pembeni, akasema hiki ni cha saa. Alilehemu betri mahali pake, akafunga skrubu, hakuna iliyobaki.

Kuijaribu, ilibidi mtu aibandike shingoni. Nikabandika mimi, nikatembeza midomo bila kutoa sauti, nikasema asante fundi. Ikatoka nyembamba, juu sana, kama mbu mwenye hasira. Fundi kasema kile kipande cha kushusha sauti nilikikata kwa kisu, kingine hana, ila maneno yanasikika na hiyo ndiyo kazi yake. Kanionya: tusiifungue tena, vishikizo vyake havitastahimili. Nimemjibu hakuna mwenye wazimu huo.

Hakutaka malipo. Alitaka paa. Kesho kutwa naleta mabati.

Jumatano, 12 Machi

Bi Mizani yuko dirishani kwake. Niliweka Zumari juu ya kaunta, wazi, bila bahasha, bila hadithi. Alitoa miwani akaivaa, akaishika kwa mikono miwili.

Akaanza. Kwanza akahakikisha betri haichezi. Akazima swichi, akakata kipande cha kadibodi, akakifunga juu ya kitufe ili hata kikigandamizwa na gunia kisijiwashe. Akaizungushia sponji. Akachukua boksi gumu nililokuja nalo, akalibonyeza pembe zote. Kwenye fomu akaandika kilichomo kama kilivyo: kifaa cha kusemea, betri moja ya lithiamu ndani. Akaangalia kwenye kitabu chake kama nchi anakoishi Dada inapokea, akasema inapokea. Alifanya yote hayo kwa utulivu, na foleni nyuma yangu, watu wale wale wakorofi, ilibaki ikimtazama.

Mimi jasho jembamba lilikuwa linanitoka. Fundi Waya alikuwa amenigawia betri ya akiba. Nilikuwa nimeibandika chini ya kifuniko cha boksi hilohilo. Ni moja tu, nilijiambia. Baba atakosaje akiba?

Bi Mizani aliuliza, bila kuinua macho, kama kuna kingine chochote.

Nikasema hakuna. Kisha nikamwona anavyolaza sponji juu ya Zumari, kwa kiganja, kama anayemfunika mtoto. Nikabandua betri, nikaiweka kwenye kaunta mbele yake. Aliisogeza kwangu kwa kidole kimoja, akaniambia niitie mfuko usio na funguo. Na akatabasamu. Ana mwanya. Nilikuwa sijui.

Kama ndege hazitazembea, kasema, kitafika kabla ya harusi. Akagonga muhuri. Nimewahi kukabidhi nyumba za ghorofa na sijawahi kujisikia nimekabidhi kitu kikubwa kama kile.

Jumanne, 18 Machi

Kifurushi kimekwama. Namba ya kufuatilia inasema kipo njiani, na inasema hivyo tangu Ijumaa. Nimeitazama simu mpaka mteja akaondoka na kupanga chumba kwa dalali mwingine.

Nimeenda posta bila kifurushi. Bi Mizani akasema kukwama si kupotea, kilichoandikwa ukweli hakina pa kuogopa kukaguliwa. Nimejirudia maneno hayo njia nzima.

Shemeji kapiga. Zumari ya kiwandani haijasogea, bado ni wiki ya mwisho ya mwezi. Nilitegemea ningefurahi. Sikufurahi. Hata yeye sauti ilikuwa imemkauka. Kumbe amekuwa akienda kila siku kusubiri mwenye kuleta barua pale getini, baada ya zamu, na sare ya kazi bado mwilini. Sikujua hilo. Nilimwambia pole, shemeji, na nilimaanisha.

Jumamosi, 22 Machi

Kilifika jana jioni. Shemeji alikimbia nacho ngazi zote kwa sababu lifti ilikuwa mbovu. Usiku huohuo wakakitia chaji.

Leo tumetazama harusi kwenye simu, mimi, Mama Watoto na watoto, tumebanana kwenye kochi. Fundi Waya naye alikuja, kavaa koti. Baba akasimama. Akabandika Zumari shingoni.

Sauti ikatoka ile ya mbu. Watu wakacheka, hata bibi harusi akaziba mdomo. Nilitamani ardhi ipasuke. Baba akangoja. Mwita mnada anajua kungoja. Walipomaliza akasema ndiyo, na yeye ameisikia, sauti yenyewe ni ya kijana kuliko alivyotegemea. Wakacheka tena, safari hii pamoja naye, na hapo akawa amewashika wote.

Akasimulia kwamba mjukuu wake alipokuwa mdogo aliiogopa Zumari, akijificha nyuma ya pazia kila inapovuma. Babu akawa anakaa upande huu wa pazia anamwita kwa jina la nyumbani, taratibu, kila jioni, mpaka siku mtoto alipotoa mkono mmoja nje, halafu kichwa. Akasema leo anatoka nyuma ya pazia kubwa kuliko lile, na Babu bado yuko upande huu anaita. Kisha akamwita, kwa lile jina. Mpwa wangu akaondoka pale alipokaa, gauni na yote, akaenda kumkumbatia, na Zumari ikavuma katikati yao bila maneno.

Nimelia. Fundi kalia. Mama Watoto kalia na kunishika mkono.

Mwisho Baba akashukuru. Akamshukuru Shemeji kwa kukimbia ngazi. Akamshukuru mama mmoja wa posta ambaye hajawahi kumwona. Akamshukuru fundi. Na akamshukuru mwanawe wa kwanza, ambaye aliivunja. Ukumbi mzima ukapiga makofi, na nimeyapokea.

Jumatatu, 24 Machi

Baba amenipigia mwenyewe! Si Dada amempigia, si Shemeji amemshikia simu. Tumeongea muda mrefu mambo yasiyo na kichwa wala miguu: bei ya viatu, jirani yake anayekohoa ukutani, kama bado nakoroma. Alinigombeza mara tatu. Sijawahi kugombezwa nikasikia raha namna ile. Kabla ya kukata akasema ananiomba jambo moja tu. Nisimtumie kitu, nisitengeneze kitu. Sauti ni nyembamba, ameizoea, iacheni. Nimeapa.

Na kiapo nimekishika. Mimi sikugusa kitu. Aliyegusa ni Shemeji.

Nilichofanya ni kufikiri tu. Mwita mnada hawezi kuishi na sauti ya mbu. Nimeifungua Zumari ile mwenyewe, ninaijua ndani kuliko hata fundi, ukiisogeza ile sahani ndogo kidogo tu kwa bisibisi sauti lazima ishuke. Shemeji alikataa. Nikamkumbusha ni nani anayegombezwa kwa sauti ile kutwa nzima humo ndani. Akanyamaza, na mimi najua kunyamaza kwa mteja. Tukakubaliana baada ya chakula cha mchana, Baba anapolala. Mimi kwenye simu ya video nielekeze, yeye afungue. Skrubu mbili za nyuma. Kazi ya dakika.

Zimefunguka vizuri. Halafu kitu kimeruka. Shemeji yuko chini ya kochi anakitafuta, namwona miguu tu. Nimemwambia asijali, ile ya kiwandani si inafika wiki hii, na kama haifiki ninayo betri moja hapa na nina wazo jipya kabisa la kuipitisha.

Baba ameamka. Amesimama mlangoni, ametazama meza, ametazama miguu ya Shemeji, ametazama simu. Sasa ameisogelea mpaka uso umejaa kioo, midomo inakwenda mbiombio, hakuna hata mlio. Na mimi, ambaye sijawahi kujifunza kusoma midomo ya mtu, nimelielewa kila neno.